Askari Akishaingia

Tarehe 23 Mei 1957 askari watatu walibisha mlango wa nyumba moja mjini Cleveland, katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Walisema wanamtafuta mtu aliyeshukiwa kuhusika na bomu lililolipuliwa kwenye nyumba ya Don King, yule ambaye baadaye dunia ilimjua kama promota wa ndondi. Dollree Mapp, mwanamke Mweusi aliyekuwa akiishi ghorofa ya juu na binti yake, alimpigia simu wakili wake, kisha akawajibu kwamba bila hati ya upekuzi hawaingii. Baada ya saa kama tatu walirudi wakiwa wengi zaidi, wakavunja mlango. Alipodai hati, askari mmoja alimpungia karatasi. Mapp akaipokonya na kuitia kifuani. Wakamkaba, wakaichukua kwa nguvu na kumtia pingu, huku wakili wake amezuiwa nje asiingie. Wakapekua vyumba vyote, makabati, albamu za picha, chumba cha mtoto, mpaka sanduku lililokuwa chini kabisa ya nyumba. Mwisho wakamshitaki kwa vitabu na picha walizoziita za aibu, jambo lisilohusiana kabisa na bomu, akahukumiwa kifungo cha mwaka 1 hadi 7. Ile karatasi haikuonekana mahakamani hata siku moja.

Mahakama za Ohio hazikukana kwamba upekuzi ule ulikuwa na walakini. Zilisema tu kwamba vitu vimepatikana, vipo mezani, na sheria ya jimbo haizuii visitumike. Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilikataa. Tarehe 19 Juni 1961, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Tom Clark, ilitamka kwamba kilichopatikana kwa kuvunja Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayomlinda mtu na upekuzi holela, hakipokelewi kuwa ushahidi katika mahakama ya jimbo lolote. Mahakama za shirikisho zilikuwa zikifuata kanuni hiyo tangu 1914.

Nimeanza na kesi hii kwa sababu inauliza swali ambalo mara nyingi tunalikwepa. Kila mapokeo ya sheria ninayoyafahamu yanasema nyumba ya mtu ina heshima yake, na kusema hivyo hakumgharimu mtawala kitu. Mtihani unakuja pale askari aliyeingia kinyume cha sheria anapotoka na kitu mkononi. Je, kitu kile ni chake?

Waingereza walilijibu kwa fedha. Tarehe 11 Novemba 1762 wajumbe wanne wa Mfalme, akiwemo Nathan Carrington, waliingia kwa nguvu nyumbani kwa mwandishi John Entick huko Stepney, London. Walikaa saa nne wakivunja makufuli na kusoma karatasi zake za siri, wakaondoka na vijitabu na nyaraka nyingi. Hati yao ilikuwa na saini ya Lord Halifax, waziri wa serikali. Entick aliwashitaki kwa kumwingilia nyumbani, na mwaka 1765 Jaji Mkuu Lord Camden alitafuta ni sheria ipi inayompa waziri mamlaka ya kuamuru upekuzi wa namna ile. Hakuiona. Akaamua kwamba mtumishi wa serikali asiye na sheria nyuma yake ni mvamizi kama mvamizi mwingine, na Entick akapata fidia ya pauni 300. Katika hukumu ile jaji hakutosheka kuona kwamba saini ipo. Aliuliza ni nani aliyesaini, na kwa uwezo gani.

Hata hivyo fidia ina upungufu wake. Humfaa mtu aliye huru, mwenye wakili, mwenye marafiki kama waliokuwa nao wapinzani wa serikali ya wakati ule. Aliyekwisha kufungwa kwa kile kilichokutwa chini ya godoro lake, pauni 300 zitamsaidia nini?

Mapokeo ya Kiislamu, ambayo pwani yetu imeyaishi kwa karne nyingi kabla ya mahakama za kikoloni, yana jibu jingine. Suratun Nur inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na inaongeza kwamba mkiambiwa rudini, basi rudini. Suratul Hujurat inakataza kupelelezana. Sasa kuna kisa ambacho Imam Ghazali alikisimulia katika kitabu chake, Ihya. Khalifa Umar bin Khattab alikuwa akizunguka Madina usiku, akasikia sauti zilizomtia shaka, akaparamia ukuta na kumfuma mtu na pombe. Mtu yule hakukana. Alisema: mimi nimemwasi Mungu kwa jambo moja, wewe umemwasi kwa matatu. Umepeleleza na Yeye amekataza, umepita ukutani na Yeye ameamuru watu waingie nyumba kwa milango yake, tena umeingia bila ruhusa wala salamu. Umar alimwuliza kama atajirekebisha akisamehewa, akakubali, na Khalifa akatoka zake.

Wanazuoni wa hadithi wana mjadala wao juu ya sanadi ya kisa hiki, na sitadai kwamba dola zote za Kiislamu zilikifuata. Ninachokiona ndani yake ni uzito wa fikra. Mkubwa wa dola aliona ushahidi kwa macho yake, mshitakiwa alikiri, na bado njia ya kuupata ikaubatilisha. Wala si fikra ya watu wasiojua hatari. Mwanazuoni Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alikubali kwamba msimamizi wa maadili anaweza kuvamia nyumba akipata habari ya kuaminika kwamba mtu amejifungia na mwenzake ili amwue, kwa kuwa kinachopotea hapo hakirudi. Dharura kwake ilikuwa na mpaka: jambo lisilorekebishika. Laiti kila afande anayesema leo kwamba hakuwa na muda wa kutafuta hati angepimwa kwa kipimo hicho.

Heshima hiyo haikubaki vitabuni. Tazama nyumba za mawe za Lamu zilivyojengwa. Mgeni anapokewa kwenye daka, mbele ya mlango, na ukumbi wa kuingilia umekunjwa kona ili aliye nje asione kiwanda, yaani ua wa ndani, na wanawake waliomo. Pwani nzima tumelelewa kupiga hodi mara tatu, na pasipoitikwa tunaondoka, kama hadithi ya Mtume inavyoelekeza. Kwetu, kuingia kwa mtu kimyakimya ni kumvua sitara yeye na watu wake. Kwa hiyo inanisikitisha kuona Mahakama Kuu ya Marekani, ileile ya mwaka 1961, ikiamua mwaka 2006 katika kesi ya Hudson, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba askari wenye hati ambao hawakumpa mwenye nyumba nafasi ya kufungua hawapotezi ushahidi walioupata. Huko Detroit walisubiri sekunde 3 hadi 5 tu.

Na Afrika Mashariki tulirithi nini kwa Waingereza? Wengi wangependa kujibu kwamba tulirithi hukumu ya Lord Camden. Sivyo. Wakati wa hali ya hatari nchini Kenya, mtu aliyeitwa Kuruma wa Kaniu alisimamishwa njiani akiwa na baiskeli, akapekuliwa na askari wa cheo cha chini ya kile ambacho kanuni ziliruhusu kupekua. Ilidaiwa alikutwa na risasi 2, na adhabu yake ilikuwa kifo. Rufaa ilifika London, kwenye Baraza la Malkia (Privy Council). Lord Goddard alijibu kwamba kinachotazamwa ni kama ushahidi unahusika na kesi. Ulivyopatikana si neno. Rufaa ikatupwa, na hukumu hiyo, iliyochapishwa mwaka 1955, ikawa mwongozo wa mahakama za makoloni kwa miongo mingi. Mwandishi wa Stepney alilipwa kwa makufuli yake; mtu wa Kenya aliambiwa kwamba kosa la askari halipunguzi kitu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imejitenga na urithi huo. Kifungu cha 31 kinamlinda mtu asipekuliwe mwili, nyumba wala mali, na Kifungu cha 50 kinaagiza ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki uondolewe iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji haki. Tanzania ina Ibara ya 16 juu ya faragha, familia na makazi, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamwachia hakimu apime, huku mzigo wa kumshawishi ukiwa juu ya anayetaka ushahidi huo upokelewe. Hilo ni jema. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa kibali cha upekuzi mwenyewe. Anayeshuku ndiye anayejiruhusu. Lord Camden aliikataa saini ya Halifax kwa sababu inayokaribia sana hiyo, na sioni kwa nini mwananchi wa Kigoma au Tandika astahili ulinzi mdogo kuliko mtu wa Stepney wa miaka 260 iliyopita.

Najua pingamizi. Mwaka 1926 Jaji Benjamin Cardozo wa New York alilalamika kwamba kanuni ya kutupa ushahidi inamwachia mhalifu kwa sababu askari amekosea. Ni pingamizi zito, hasa kwa mama aliyeuziwa mwanawe dawa za kulevya. Lakini askari anayejua kwamba mahakama itapokea chochote atakacholeta hana sababu ya kutafuta hati. Na nyumba zinazovamiwa bila kukutwa kitu, ambazo hazifiki mahakamani kamwe, zinalindwa na kanuni hiyohiyo. Mimi niko upande wa yule mtu wa Madina, na ningependa sheria ya Tanzania irekebishwe ili kibali cha kupekua makazi ya watu kitoke kwa hakimu, isipokuwa pale ambapo uhai uko hatarini.

Mpaka hapo itakaporekebishwa, ndugu msomaji, lijue lililo lako leo. Hati usomewe kabla kabati halijafunguliwa. Sheria ya Kenya na ya Tanzania zinataka itekelezwe kati ya mawio na machweo, mahakama isipoagiza vingine. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Tanzania, mwombe mjumbe au mwenyekiti wa mtaa awepo tangu mwanzo, si aitwe kuja kutia saini mwisho, na udai stakabadhi ya kila kilichochukuliwa. Usipambane na askari mlangoni. Hesabu kila kitu, andika majina na saa, na usisaini orodha ambayo hujaisoma.