Jedwali Radidi

Neno jedwali tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina maana mbili: orodha iliyopangwa kwa safu, na kijito chembamba cha maji. Sisi tuliishika maana ya kwanza tukaiacha ya pili, ingawa mtu wa Mohoro, aliyekulia karibu na pale Rufiji inapogawanyika matawi kabla ya kufika baharini, angeliweza kuzishika zote mbili bila ya taabu. Shida yetu leo, hata hivyo, si jedwali, bali ni neno lifuatalo katika jina la jedwali la kemia. Wako wasemao jedwali la elementi, na hao hawakosi, ila hawakutuambia jedwali hilo lina ajabu gani. Wako wasemao jedwali la vipindi. Na wako waliochagua neno radidi, nami niko pamoja nao.

Kuradidi ni kukariri, kurejea jambo lililokwisha kutajwa. Dmitri Mendeleev, mwalimu wa kemia katika Urusi, alipozipanga elementi 63 zilizojulikana mwaka 1869 kwa kufuata uzito wa atomi zao, aliona kwamba tabia zao hazibadiliki ovyo, bali huondoka na kurudi. Aliusadiki urejeo huo hata akaacha nafasi tupu kwa ajili ya elementi ambazo hakuna aliyepata kuziona, akazieleza sifa zake kabla hazijapatikana. Na mwaka 1875 galiamu ikapatikana, ikakaa mahali pake. Baadaye, mwaka 1913, Henry Moseley alidhihirisha kwamba cha kufuatwa si uzito, bali ni idadi ya protoni zilizomo katika kiini cha atomi.

Avuaye samaki katika delta ya Rufiji anaujua urejeo huu kwa njia nyingine. Bamvua huja mwezi uandamapo na mwezi upevukapo, na baina yake huwa maji mafu. Kila bamvua hufanana na iliyotangulia, wala si ile ile. Ndivyo zilivyo lithiamu, sodiamu na potasiamu, zenye protoni 3, 11 na 19, zilizopangwa moja chini ya nyingine katika kundi moja: zote ni metali laini zenye elektroni moja ya nje, lakini kadiri tushukavyo elektroni hiyo huwa mbali zaidi na kiini, na kiini hushindwa kuishika barabara. Kwa hiyo lithiamu itiwapo majini hutoa mapovu kwa upole, sodiamu huyeyuka ikawa tone lenye kukimbia huku na huku, na potasiamu huwaka ndimi za zambarau. Tukienda kulia katika safu mambo hugeuka: protoni huongezeka ilhali tabaka la nje ni lile lile, atomi hujikaza ikawa ndogo, hata tukaifikia klorini, ya 17, ambayo haitoi elektroni bali hunyakua. Sodiamu ikitoa na klorini ikipokea, hupatikana chumvi ile ile ambayo watu wa pwani huichemsha kutoka maji ya bahari.

Kundi jingine lina kisa chake Mohoro. Huanza juu na kaboni, ambayo ndiyo makaa yetu, na wala si metali. Hupita silikoni ya mchangani na jerimaniamu. Kisha huja bati, na chini yake risasi, ya 82, kwani umetali huzidi kila tushukapo. Kinjikitile Ngwale, aliyewaahidi watu kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji, alinyongwa hapo Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Jina la metali na jina la kilichoua katika Vita vya Maji Maji ni moja, nalo pia ni la Kiarabu.

Nalikataa neno vipindi kwa sababu hii: kipindi cha shule hupimwa kwa kengele, na kila kimoja ni sawa na mwenziwe, ilhali safu za jedwali hili zina elementi 2, 8, 8, 18, 18, 32 na 32. Urejeo upo, usawa wa urefu haupo. Basi na tuseme jedwali radidi, nalo neno kipindi tuwaachie wapiga kengele. Safu ya saba ilitangazwa kujaa mwishoni mwa mwaka 2015, ikikomea kwenye elementi ya 118. Ya nane ingali tupu.