Makro za mdoc na ukurasa wa mwongozo wa Unix

Kompyuta ya PDP-11 ambayo Unix ilikulia haikununuliwa kwa ajili ya Unix. Watafiti wa Bell Labs, huko New Jersey, Marekani, walipata fedha zake kwa kuahidi mfumo wa kuandaa maandishi, na mwaka 1971 wachapaji wa idara ya hataza wakawa wanaandaa maombi yao humo kwa programu iitwayo roff, iliyotokana na RUNOFF ya Jerome Saltzer wa MIT, ya mwaka 1964. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wenye tarehe ya Novemba 3, 1971 na majina ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, ulipangwa kwa roff hiyohiyo. Kila amri ilipewa ukurasa wake: jina, namna ya kuiandika, maelezo, na mwishoni kasoro zinazojulikana. Doug McIlroy, aliyeshikilia ubora wa kurasa hizo kwa ukali, amesimulia kwamba kila toleo jipya la mwongozo lilipokaribia, watu walikimbilia kurekebisha programu zao, maana yalikuwapo mambo waliyoona haya kuyachapisha. Kuandika mwongozo kulikuwa sehemu ya kazi ya fundi tangu mwanzo.

Udhaifu ulikuwa katika alama zenyewe za kupangia kurasa hizo. Mwaka 1973 Joe Ossanna aliandika troff ili kuendesha mashine ya kupanga chapa, na troff hujua sura tu: shuka mstari, badilisha herufi, acha nafasi. Makro, yaani amri fupi iliyobeba amri nyingine ndani yake, zilipunguza kazi. Toleo la 7 la Unix, mwaka 1979, lilikuja na fungu la makro liitwalo man: TH kwa kichwa cha ukurasa, SH kwa kichwa cha sehemu, B kwa herufi nzito, I kwa italiki. Ni rahisi kujifunza, na urahisi huo ndio ulioisambaza. Lakini tazama kinachopotea. Mwandishi anapoweka B mbele ya neno, yeye anajua kama neno hilo ni jina la programu, ni chaguo la amri, au ni kitu kingine kabisa. Faili yake haisemi hayo. Inasema tu kwamba neno ni zito. Maarifa aliyokuwa nayo yanafutika papo hapo anapoyaandika.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa kazi ya Cynthia Livingston. Makro zake za mdoc zilitoka na 4.3BSD-Reno, toleo la Unix la Berkeley, mwaka 1990, na swali lake lilikuwa jingine: neno hili ni nini? Fl ni chaguo la amri, Ar ni kile anachojaza mtumiaji, Pa ni njia ya faili, Ev ni kigezo cha mazingira, Er ni msimbo wa kosa. Kwenye skrini Ar na Pa zote hupigiwa mstari chini, kwa hiyo msomaji haoni tofauti. Tofauti imebaki ndani ya faili, ikingoja atakayeihitaji. Nashikilia kwamba uamuzi huo ulikuwa bora kuliko ule wa 1979.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si nyepesi. Wanasema makro za mdoc ni nyingi mno, na majina ya herufi mbili hayakumbukiki. Ni kweli ni nyingi, na ufupi wa majina ni urithi wa troff ya kale, iliyokubali herufi mbili tu. Hata hivyo ukurasa wa kawaida hutumia makro chache, zilezile kila mara. Wanasema pia kwamba kurasa nyingi za Linux zimeandikwa kwa man na zinasomeka vizuri. Zinasomeka, ndiyo, kwa macho ya binadamu. Mwandishi wa programu Eric Raymond alipotaka kuzigeuza kuwa DocBook, muundo wa hati unaoweka alama kwa maana, alilazimika kuandika doclifter, programu inayobahatisha maana kutokana na dalili za sura. Kazi hiyo yote ni gharama ya kurudisha kilichotupwa. Na wanaopendekeza Markdown, iliyobuniwa na John Gruber mwaka 2004, wanaturudisha palepale, kwa kuwa nyota mbili ubavuni mwa neno hazisemi zaidi ya B.

Ushahidi mzito ulichelewa kufika. Mwaka 2008 Kristaps Dzonsons alianza kuandika mandoc, programu inayosoma mdoc moja kwa moja bila troff, na mwaka 2010 mfumo wa OpenBSD uliiondoa groff, yaani troff ya mradi wa GNU, katika sehemu yake ya msingi na kuitegemea mandoc. Baadaye, kwa kazi kubwa ya Ingo Schwarze, amri ya apropos ikaweza kutafuta kwa maana: ni kurasa zipi zinazotaja msimbo fulani wa kosa, au kigezo fulani cha mazingira. Maswali hayo yalijibiwa na alama zilizowekwa miaka mingi kabla, na watu ambao hawakuwa na chombo cha kuyauliza. Kurasa za man haziwezi kuyajibu kwa uhakika huo hata zikiandikwa kwa uangalifu gani. Kwa anayeanza mwongozo wa programu yake leo, chaguo ni mdoc: kwenye OpenBSD na FreeBSD maelezo yake hufunguliwa kwa amri man 7 mdoc, na penye groff kamili kwa man 7 groff_mdoc.