Miongo, Waya na Rangi ya Manjano: Historia ya Angalizo la Bahari Shumba

Angalizo la upepo linalotolewa kwa wavuvi wa Shumba, wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, mara nyingi husimama juu ya tarakimu mbili: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Meli kubwa hupita katika bahari ya namna hiyo bila taabu kubwa. Ngalawa na mtumbwi, vyombo ambavyo ndivyo tegemeo la nyumba nyingi za pwani hiyo, huweza kujaa maji na kupinduka. Kuzifikia tarakimu hizo kumechukua zaidi ya karne moja.

Kabla ya vipimo, pwani ilikuwa na hesabu yake. Mwaka wa wakulima na mabaharia ulianza siku ya Nairuzi, ukawa na siku 365, na siku hizo zikahesabiwa kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Mjuzi wa miongo alijua kaskazi inaingia lini, masika yanaanguka lini, kusi inakaza lini, na kwa hiyo lini kupanda mpunga na lini kupandisha chombo pwani. Hiyo ilikuwa elimu kamili, na Pemba ni miongoni mwa mahali ilipodumu kwa muda mrefu. Hata hivyo ilikuwa elimu ya majira. Haikuweza kusema kwamba keshokutwa alasiri bahari itachafuka.

Upungufu huo ulidhihirika tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kilipoipiga Unguja. Mikarafuu na minazi iling'olewa mashamba kwa mashamba, na vyombo vilivyotia nanga bandarini, zikiwamo meli za Sultani Barghash, vikavunjwa. Ulaya wakati huo ilikwisha kuanza kuonya. Baada ya meli Royal Charter kupotea katika dhoruba ya Oktoba 1859 kwenye pwani ya Wales, Robert FitzRoy alianzisha mwaka 1861 utaratibu wa kupeleka habari za dhoruba kwa telegrafu, ili ishara zitundikwe bandarini na mabaharia wazione. Zanzibar haikuwa na waya wa kupokea habari kama hizo: ule wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika mwaka 1879.

Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika. Mikarafuu yake ikabaki imesimama, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kitovu cha karafuu za Zanzibar. Kusalimika huko kuna sababu ya kimaumbile pia. Kimbunga huhitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia ili upepo wake uzunguke, na msukumo huo hudhoofu kadiri mtu anavyoikaribia ikweta. Shumba iko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, hivyo vimbunga kamili ni nadra mno huko. Hatari inayojirudia mwaka hadi mwaka ni upepo wa kusi na wa kaskazi unapozidi kiasi, na mawimbi unaoyaamsha.

Upimaji wa pamoja wa hali ya hewa Afrika Mashariki ulianza mwaka 1929, ilipoundwa idara ya Waingereza yenye makao Nairobi chini ya Albert Walter, mtaalamu aliyetoka Mauritius, kisiwa kilichozoea vimbunga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na vituo vyake. Tanzania ikaunda idara yake mwaka 1978, ikaigeuza kuwa wakala mwaka 1999, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA.

Misiba miwili ya baharini iliwafanya Wazanzibari watazame tahadhari kwa macho mapya. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mamia walipoteza maisha. Chanzo kikubwa kilikuwa kupakia kupita kiasi, na ni haki kulisema hilo ili upepo usibebeshwe makosa ya watu. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, na safari hii bahari ilikuwa imechafuka kweli.

Uamuzi wenyewe hufanywa na wataalamu wa utabiri wa TMA. Hukusanya vipimo vya vituo, kikiwamo cha uwanja wa ndege wa Pemba, picha za setilaiti na hesabu za kompyuta, kisha hutazama siku tano zijazo. Tarakimu peke yake hazitoshi. Hujiuliza maswali mawili: jambo hili lina uwezekano gani wa kutokea, na likitokea litaathiri nini? Kila jibu hupewa kiwango, kidogo, wastani au kikubwa, na majibu hayo yakikutanishwa hutoa rangi. Manjano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ndiyo maana mvua ya milimita 50 kwa siku inaweza kupewa uzito tofauti inaponyesha juu ya mji wenye mitaro iliyoziba na inaponyesha juu ya pori. Ndiyo maana pia taarifa ya bahari hutaja kwa jina kuathirika kwa uvuvi na usafirishaji. Mabadiliko haya, kutoka kueleza upepo hadi kueleza utakachofanya, ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia hii.

Kimbunga kinapojitokeza, TMA haiko peke yake. Kituo cha Réunion ndicho kinachofuatilia vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi kwa niaba ya nchi za eneo hilo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Hidaya, Mei 2024. Taarifa zilitolewa siku kadhaa kabla, vivuko kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vikasimamishwa, na kimbunga kikafika pwani karibu na Mafia tarehe 4 Mei. Barabara ya kwenda kusini ilikatika.

Taarifa ikishatoka, hubadilisha mikono. Utabiri wa hali ya hewa ni jambo la Muungano, ila kukabiliana na maafa Zanzibar ni kazi ya kamisheni ya Zanzibar yenyewe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Habari hupitia redioni, ikiwamo Redio Jamii Micheweni, hupitia kwa masheha na simu za mkononi, na mwishowe hufika dikoni. Hapo nahodha huipima kwa macho yake mwenyewe, akitazama wingu na mkondo, na haki hiyo haijawahi kuondolewa kwake.

Kilichobaki kurekebishwa ni jina. Taarifa nyingi husema tu "Unguja na Pemba", ilhali Pemba ina urefu wa kilomita zipatazo 67, na pwani ya kaskazini haipigwi na upepo sawa na ile ya Mkoani, kusini mwa kisiwa. Kusi inayomzuia mvuvi wa kusini si lazima imkute wa Shumba kwa nguvu ileile, na kaskazi ni kinyume chake. Angalizo linalotaja Micheweni kwa jina lingeaminiwa zaidi dikoni, na TMA inapaswa kulifikia.