Kifandugu na Maji ya Meru

Kifandugu ni kijifupa cha mwisho cha uti wa mgongo, na wengi hawajui kama wanacho mpaka siku wanapoteleza na kukalia jiwe. Kwenye miteremko ya Nkoaranga, katika Mlima Meru, wakati wa masika, ajali ya namna hiyo haina ajabu. Ndiyo maana maumivu ya sehemu hiyo huelezwa kuwa ni ya kuanguka tu, basi. Katika Meru maelezo hayo hayatoshi. Historia ya mifupa ya watu wa huku imefungamana na historia ya maji yao, na pia ya ardhi yao.

Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo Nkoaranga mwaka 1902, miaka sita baada ya wenzao Ewald Ovir na Karl Segebrock kuuawa huko Akeri; baadaye ikakua hapo hospitali ya Kilutheri. Udaktari wa Ulaya wa zama hizo ulikwishayajua maumivu ya kifandugu. James Young Simpson wa Edinburgh aliyapa jina mwaka 1859, na tiba yake ilikuwa kukata misuli na kano zinazokishikilia kijifupa hicho. Siku hizi kisu ndicho cha mwisho kabisa kufikiriwa. Wagonjwa wengi hupona kwa wiki au miezi kadhaa wakikalia mto uliokatwa upande wa nyuma, wakitumia dawa za maumivu na kujihadhari na choo kigumu.

Lakini mwaka 1964 watafiti Grech na Latham walichapisha utafiti kuhusu madhara ya floridi kaskazini mwa Tanganyika, na jambo likawa pana zaidi. Miamba ya volkano hutia floridi kwenye maji, na kwa miaka mingi watu walichoona ni meno ya kahawia tu. Floridi nyingi hufika mifupani pia. Kwenye eksirei dalili huonekana hasa katika uti wa mgongo na nyonga: mfupa huwa mzito kupita kiasi, na kano huanza kugeuka mfupa. Miongoni mwa kano hizo zimo zile zinazotoka nyonga na kujishikiza mwisho wa uti wa mgongo, kwenye kifandugu chenyewe.

Atakayepinga atasema Nkoaranga iko juu, na maji ya juu mlimani kwa kawaida hayana floridi nyingi kama ya Maji ya Chai au Ngarenanyuki. Ni kweli, ila watu hawakubaki juu. Walowezi walipewa mashamba kuuzunguka mlima, Wameru wakabanwa. Mwaka 1951 wakafukuzwa Ngarenanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaifikisha kesi yao Umoja wa Mataifa. Kadiri vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vilivyopungua, familia changa zilitafuta ardhi tambarare, zikakutana na maji mengine. Hata aliyebaki juu hakusalimika moja kwa moja, maana magadi yanayotiwa kwenye makande na maharage yanaweza kubeba floridi nyingi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kifandugu huumizwa hasa na kuanguka, kujifungua na kukaa muda mrefu, na maumivu peke yake hayathibitishi floridi. Nakubali kabisa. Anayesingizia maji kila maumivu anakosea sawa na asiyeuliza habari za maji hata kidogo. Tofauti ni kwamba aliyeanguka kwa kawaida huumia sehemu moja, tena zaidi anapokaa au kuinuka, ilhali floridi hukakamaza mgongo na viungo polepole, kwa miaka. Wa kwanza mto utamsaidia. Wa pili anahitaji maji mengine.

Serikali nayo ilichelewa. Mwaka 1974 kiwango cha muda cha maji ya vijijini kiliruhusu miligramu 8 za floridi kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza 1.5, kiwango ambacho Tanzania ilikifikia baadaye sana. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo mpaka iwe myeusi, ikasagwa chengachenga, kisha maji yakapitishwa humo ili floridi inaswe. Kwa maoni yangu, tanuri lile la mifupa ni sehemu ya historia ya tiba ya Meru sawa na wodi yoyote.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda hospitali na maumivu ya kifandugu, usiishie kueleza ulivyoanguka. Mtajie daktari kijiji ulikokulia na maji uliyoyanywa.