Nyasi za kiunoni, udongo wa shubiri moja

Ndugu msomaji, majuma mawili yaliyopita nilipokea barua ya msikilizaji mmoja wa Tanga, mzee aliyestaafu kazi na kupata kiinua mgongo chake. Ameonyeshwa shamba la eka kumi kwenye kilima kisicho mbali na Mapango ya Amboni. Anasema nyasi zimefika kiunoni, udongo ni mweusi na bei si ya kutisha. Lakini siku alipokwenda kulitazama, bibi mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni alisimama, akacheka, akamwambia, "Hapo baba utavuna mawe." Tangu siku hiyo mzee hana usingizi. Ananiuliza amwamini nani, macho yake au yule bibi.

Mimi si bwana shamba, wala shamba lenyewe sijaliona. Kazi yangu ni habari. Lakini barua ile ilinikumbusha mkasa mmoja wa kweli, wa watu maelfu waliowahi kuyaamini macho yao mbele ya kilima cha namna hiyo. Mkasa huo ulitokea mbali, Texas huko Marekani, na ndio niliousimulia redioni juma hili. Kwa wale waliokosa kipindi, huu hapa.

Magharibi ya miji ya Austin na San Antonio ipo nchi ya vilima ambayo wenyeji huiita Hill Country. Vilima hivyo ni mawe ya chokaa, yaliyojijenga chini ya bahari yapata miaka milioni 100 iliyopita. Bahari ikaondoka, nchi ikainuka, mvua zikaanza kuyala mawe.

Hapa inafaa tuelewe jinsi udongo wa juu ya chokaa unavyozaliwa. Maji ya mvua yakipita hewani na ardhini huokota hewa ya ukaa, yakawa na ukali kidogo. Ukali huo huyeyusha chokaa polepole mno. Chokaa iliyoyeyuka huenda na maji, ikaishia kwenye chemchemi na mito. Kinachobaki ni zile takataka chache zilizokuwa ndani ya jiwe, na sehemu kubwa ya takataka hizo ni udongo wa mfinyanzi. Mama anayekuna nazi atanielewa upesi: tui limekwenda, yamebaki machicha. Tofauti ni kwamba jiwe hili lina tui jingi na machicha haba. Mwamba mnene sana hulazimika kuyeyuka ili uache udongo wa kina cha mkono, na kazi hiyo huchukua maelfu ya miaka.

Tena udongo huo hauzaliwi mahali tambarare. Uko kwenye mteremko, kwa hiyo kila mvua kubwa hudai sehemu yake. Ndiyo maana katika vilima vile vya Texas kina cha udongo mara nyingi ni kati ya sentimita 15 na 50 tu, halafu unagonga mwamba. Ndani ya udongo wenyewe mna mawe ya chokaa ya kila ukubwa, na mahali pengine mawe ya gumegume ambayo wenyeji wa kale waliyachongea visu na ncha za mikuki. Ukilowa hunata kwenye jembe. Ukikauka huwa mgumu na kupasuka nyufa.

Hata hivyo, udongo huu si maskini. Mfinyanzi hushika chakula cha mimea kuliko mchanga, na chokaa ina faida zake. Nyasi ziliupenda. Kwa karne nyingi zilikua, zikafa, zikaoza papo hapo, na mizizi yake ikaufanya udongo kuwa mweusi na kuushika usiporomoke. Nyati wa Marekani walipita wakala, wakaendelea na safari yao. Moto wa radi, na ule uliowashwa na wenyeji, ulipita mara kwa mara ukaunguza vichaka, lakini nyasi zilichipua tena. Waswahili husema, usione vyaelea, vimeundwa. Zile nyasi ziliundwa, na fundi alichukua muda mrefu.

Wageni walipofika hawakumwona fundi, waliona nyasi tu. Mwaka 1845 walowezi wa Kijerumani waliletwa na chama cha makabaila wa kwao wakaanzisha mji wa New Braunfels. Mwaka uliofuata, chini ya uongozi wa John Meusebach, wakaanzisha Fredericksburg ndani zaidi ya vilima. Mwaka 1847 Meusebach alifanya mkataba wa amani na Wakomanchi, wenye nchi ile. Wajerumani wengi walilima mabondeni, ambako udongo uliosombwa kutoka vilimani ulikuwa umerundikana na kuwa na kina, na wengi wao walipata riziki. Kumbuka neno hilo, mabondeni, kwa maana tutalirudia.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kumalizika mwaka 1865, ng'ombe wakawa mali. Waliswagwa kutoka Texas hadi kwenye vituo vya reli vya kaskazini, na waliowahi walitajirika. Kila mtu akataka ng'ombe, na kila kilima kilionekana kama ghala lisilo na mwisho. Wakaja kondoo, wakaja na mbuzi. Kufikia mwaka 1875 Wakomanchi wa mwisho walikuwa wamesalimu amri na kupelekwa kwenye eneo walilotengewa. Moto wao ukakoma pamoja nao. Zikaja seng'enge, na mifugo ambayo zamani ingepita ikaenda zake ikabaki mahali pamoja mwaka mzima, ikila jani kabla halijapata nguvu ya kurudi.

Matokeo hayakuonekana kwa siku moja. Nyasi ndefu zilifuatwa na fupi, na fupi zikafuatwa na ardhi tupu. Mvua ikipiga ardhi tupu kwenye mteremko, mfinyanzi huziba vinyweleo vyake, maji hayaingii, yanakimbia, na yanapokimbia hubeba. Ulichokiunda kwa miaka elfu kikashuka mtoni kwa masika chache. Mahali pa nyasi pakashikwa na mti ambao wenyeji huuita mwerezi, ingawa kwa hakika ni wa jamii ya mreteni. Zamani moto uliuzuia. Sasa hapakuwa na moto.

Katika nchi hiyo, mwaka 1908, alizaliwa mtoto aliyeitwa Lyndon Johnson, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani kuanzia 1963 hadi 1969. Babu yake alikuwa mmoja wa wale waliopeleka ng'ombe kaskazini. Baba yake, Sam Johnson, alikuwa mtu wa heshima, mjumbe wa bunge la jimbo. Yapata mwaka 1920 alirudi kwenye shamba la wazazi wake kando ya mto Pedernales, akakopa, akapanda pamba. Alikuwa akikumbuka shamba la utotoni. Lakini udongo aliourudia haukuwa ule wa utotoni, na mwaka huohuo bei ya pamba ikaanguka. Miaka michache baadaye alilazimika kuuza shamba, na madeni yakamwandama. Mwanawe alikua akiona baba aliyeheshimika akidharauliwa mjini kwa sababu ya deni.

Ndugu msomaji, tusimwite Sam Johnson mjinga, wala wale wa kabla yake. Kosa lao ni kosa ambalo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo analijua: walikula mtaji wakidhani ni faida. Nyasi za kiunoni hazikuwa mapato ya mwaka. Zilikuwa akiba ya maelfu ya miaka, imewekwa juu ya mwamba, imefunikwa vizuri ikaonekana kama utajiri usiokwisha. Katika nchi yenye udongo wa mita kadhaa, kosa hilo unaweza kulifanya ukapata nafasi ya kujirekebisha. Kwenye udongo wa shubiri moja, hesabu hufungwa mapema.

Miaka ya ukame mkali, 1950 hadi 1957, ilimalizia iliyobaki. Mwaka 1956 wilaya 244 kati ya 254 za Texas zilitangazwa kuwa na maafa. Wafugaji wengi waliuza mifugo yao kwa bei ya kutupa.

Je, kilichokwenda kinarudi? Mwaka 1969 mfanyabiashara mmoja wa kuku wa kukaanga, J. David Bamberger, alinunua karibu na mji wa Johnson City ardhi iliyochakaa, akaiongeza hadi ikafika eka 5,500. Alichimba visima saba, kila kimoja kina cha mita 150 hivi, asipate maji ya kutumia. Akaacha kuchimba. Akakata mireteni iliyokuwa imejaa, akaacha michache, akapanda nyasi za asili. Baada ya miaka miwili na ushei chemchemi zikaanza kutoka kilimani. Maji ya mvua yalikuwa yamepata tena kitu cha kuyapunguzia mbio, yakaingia kwenye nyufa za mwamba badala ya kukimbilia mtoni. Lakini tusidanganyane. Nyasi zilirudi na maji yalirudi. Udongo uliokwenda haukurudi. Huo utangoja jiwe liyeyuke tena.

Na habari hii si ya wafugaji peke yao. Maji yanayoingia kwenye nyufa za chokaa ile ndiyo yanayonyweshwa mji wa San Antonio, wenye watu zaidi ya milioni moja. Yale yasiyoingia hugeuka mafuriko. Julai 4 mwaka 2025, mvua kubwa mno ilinyesha usiku kwenye vilima hivyo. Mto Guadalupe ulipanda kama mita nane ndani ya dakika 45 hivi, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, wakiwamo watoto waliokuwa kambini. Mvua ya namna ile ingeleta maafa popote. Lakini mteremko wenye udongo mwembamba juu ya mwamba hauna pa kuyaweka maji hata ungetaka.

Sasa nirudi kwako, mzee wangu wa Tanga. Sitakwambia nunua wala usinunue. Nakwambia hivi: kabla hujatoa hata senti ya kiinua mgongo chako, chukua sululu. Chimba juu ya kilima, chimba katikati, chimba chini bondeni. Ukigonga mwamba kabla sululu haijazama, basi nyasi zile ndizo shamba lenyewe, ukizilima umezimaliza. Hapo utafuga nyuki, utaacha miti isimame, utaweka mbuzi wachache na kuwahamisha. Bondeni, ukikuta kina, ndipo utakapopanda mahindi yako, kama walivyofanya wale Wajerumani. Halafu bei izungumzwe kwa eka za bonde, si kwa eka kumi za nyasi.

Na yule bibi wa kuni, mtafute umsalimie. Amekipanda kilima kile kwa miguu miaka mingi, na pengine anajua ni wapi hasa palipo na udongo. Muulize kabla ya kumuuliza anayekuuzia.

Tuonane juma lijalo.