Riziki ya Mtunzi: Habari za Mwana wa Makunduchi

Wazee wetu husema, "Njia mbili zilimshinda fisi." Mithali hii ni ya kweli katika mambo mengi, lakini mara nyingi hutumiwa vibaya. Kijana akionekana ameshika kalamu jioni, akatunga hadithi au shairi, huambiwa upesi kwamba yampasa kuchagua: ama afuate kazi ya riziki, ama afuate utunzi afe njaa. Sisi walimu tumeyasikia maneno hayo katika baraza nyingi, na labda baadhi yetu tumeyasema kwa vinywa vyetu. Kwa hiyo katika makala hii twataka kutazama habari za watu waliotutangulia, tupate kujua kama ni kweli kwamba fisi ameshindwa, na kama ameshindwa, ni nani aliyeiharibu njia.

Tutaanza Makunduchi, kusini mashariki kwa kisiwa cha Unguja. Nchi ile ni ya mawe na udongo haba, wala si nchi ya mikarafuu. Watu wake tangu zamani wameishi kwa bahari na kwa konde ndogo zilizo katikati ya mawe: wanaume huvua, wanawake hufukia makumbi pwani mpaka yaoze, kisha huyaponda na kusokota kamba. Huko mithali isemayo "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu" hujulikana kwa mikono kuliko kwa vinywa. Lakini mtu asidhani kwamba mahali penye kazi ngumu hapana sanaa. Kila mwaka mwezi wa Julai watu wa Makunduchi hufanya Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa mashina ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake waliovaa nguo zao nzuri huzunguka uwanja wakiimba nyimbo za sifa, za mzaha na za maonyo. Wanawake wale ni watunzi. Hakuna awalipaye, wala majina yao hayaandikwi popote; mwaka ukiisha kuoga, hurudi kwenye kamba zao.

Katika mji huo alizaliwa Muhammed Said Abdulla, tarehe 25 Aprili 1918. Wasomaji wengi wanamjua kwa sababu ya Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko aliyemwumba katika vitabu vyake; lakini ni wachache waliokwisha kufikiri jinsi vitabu hivyo vilivyopatikana. Alisoma katika shule ya misheni, akamaliza mwaka wa 1938. Hakutoka shuleni akawa mtunzi, kwa maana kazi hiyo haikuwako. Aliingia katika idara ya afya, akawa mkaguzi. Kazi ya mkaguzi wa afya ni kutembea nyumba hata nyumba, kutazama visima, vyoo na maji yaliyotuama, kuuliza maswali, na kutoamini kila jibu analopewa. Yamkini wenzake walidhani kwamba kijana huyu amekwisha kupata njia yake moja, nayo ni njia ya mshahara. Sisi tukisoma vitabu vyake leo twaona kwamba njia ile haikuwa mbali na ile ya pili. Bwana Msa naye huingia katika nyumba za watu, hutazama kidogo kinachopuuzwa, na huuliza mpaka uongo unajitoa wenyewe.

Hapa yafaa tukumbuke habari ya mbali. Mwingereza Arthur Conan Doyle, aliyemwumba mpelelezi Sherlock Holmes, alikuwa daktari. Alifungua chumba chake cha uganga Southsea mwaka wa 1882, na wagonjwa walikuwa wachache, basi akaandika hadithi katika saa za kungojea. Kitabu cha kwanza cha Holmes alikiandika mwaka wa 1886, akakiuza haki zote kwa pauni 25 tu, na mwenye kukichapisha akakitoa mwaka uliofuata. Hata mtu ambaye jina lake lilienea ulimwenguni kote alianza kwa kazi nyingine, na malipo yake ya kwanza yalikuwa madogo. Wanaosoma habari za Bwana Msa husema kwamba amefuata nyayo za Holmes. Ni kweli, lakini twaona kwamba watunzi wao nao walifuatana katika taabu.

Sasa tutazame vizuizi vilivyokuwa mbele ya mtunzi wa Unguja katika siku zile. Cha kwanza ni lugha. Mwaka wa 1928 wajumbe walikutana Mombasa, wakakubali kwamba Kiswahili cha mji wa Unguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu. Na mwaka wa 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa nchi za Afrika Mashariki. Jambo hilo lilileta faida kubwa, kwa kuwa kitabu kimoja kiliweza kusomwa Unguja, Tabora na Nairobi. Lakini Makunduchi si mji wa Unguja. Watu wake wana lahaja yao, iitwayo Kikae au Kimakunduchi, nayo hutofautiana na Kiunguja cha mjini katika maneno na hata katika vitendo. Basi mtoto wa huko akitaka kuandika kitabu, sharti aiweke kando lugha ya mamaye na kushika ya mjini, kisha wakaguzi wa lugha waipime. Si jambo dogo. Lahaja yenyewe ilingoja sana kutazamwa: Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa kamusi la lahaja ya Kimakunduchi mwaka wa 2012, miaka 84 baada ya mkutano wa Mombasa.

Kizuizi cha pili ni karatasi na chapa. Matbaa za kwanza Unguja zilikuwa mikononi mwa Sultani, serikali na misheni. Wanafunzi wa Kiungani walikuwa wakichapa gazeti lao, Msimulizi, tangu mwaka wa 1888, na magazeti mengine yakafuata. Lakini gazeti hutaka habari fupi, na misheni na serikali zilitaka vitabu vya shule. Mtu mwenye hadithi ndefu ya kubuni, isiyo ya mafundisho wala ya kodi, angeipeleka wapi? Muhammed Said Abdulla alipita mlango uliokuwa wazi, yaani magazeti. Mwaka wa 1948, umri wake ukiwa miaka kama 30, akawa mhariri wa gazeti liitwalo Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, wa Al Mahda, na wa Afrika Kwetu. Wasomaji wanaojua historia ya Unguja wataona uzito wa majina hayo. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilikuwa la upande wa Waafrika, nazo ni siku ambazo siasa ilianza kuwatenga majirani. Mtu aliyeishi kwa kalamu alilazimika kwenda penye karatasi, hata karatasi zilipogombana.

Kizuizi cha tatu ni kwamba hakukuwa na mtu wa kusema, "Lete hadithi yako, tutaisoma." Mlango huo ulifunguliwa na East African Literature Bureau, shirika la serikali lililoundwa mwaka wa 1948 ili kutoa vitabu kwa nchi zetu. Shirika hilo lilifanya mashindano ya kutunga hadithi kwa Kiswahili mwaka wa 1957 na 1958, na Muhammed Said Abdulla akapata zawadi ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Ni hadithi ya mtu aliyeuawa na maiti yake kuonekana mzimuni, na watu wakawa tayari kuwasingizia mizimu, mpaka Bwana Msa alipokuja na maswali yake. Kitabu kikatoka mwaka wa 1960. Tuhesabu kidogo: alitoka shuleni mwaka wa 1938, kitabu chake cha kwanza kikaonekana mwaka wa 1960. Ni miaka 22. Kijana anayelia kwamba ametunga miezi sita na bado hajajulikana, na ahesabu pamoja nasi.

Hata zawadi haikumtoa katika kazi ya riziki. Mwaka ule wa 1958 alifanywa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo, akaishika kazi hiyo miaka kumi. Bwana Msa alikuwa amekwisha kuzaliwa, na muumba wake alikuwa akipanga habari za mazao. Katika miaka hiyo nchi ilipata uhuru mwezi wa Desemba 1963, ikapinduliwa Januari 1964, ikaungana na Tanganyika Aprili mwaka huo huo. Kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka mwaka wa 1968, na mwaka huo ndio aliostaafu. Kisha tazameni yaliyofuata: Duniani Kuna Watu mwaka wa 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, na Kosa la Bwana Msa 1984. Katika miaka thelathini tangu kutoka shuleni hata kustaafu, vitabu viwili. Katika miaka minane tu baada ya kustaafu, vinne, na kimoja tena baadaye. Hatusemi kwamba kustaafu ndiyo sababu peke yake, maana wachapishaji nao walikuwa wameongezeka. Lakini hesabu hiyo yatosha kutufikirisha. Kipaji kilikuwako wakati wote. Kilichokosekana ni saa.

Tusidhani kwamba jambo hili lilimpata yeye tu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kijiji kingine cha shamba cha Unguja, katika nyumba ya watu waliokuwa watumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza kwa kuuza. Aliingia mjini mwaka wa 1911, na huko akafundishwa kuimba na kufuatisha ala. Taarabu ya siku zile ilikuwa kazi ya wanaume, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye mwanamke wa shamba akaiimba kwa Kiswahili. Watu walimcheka kwa sura yake na kwa asili yake. Mwaka wa 1928 akachukuliwa Bombay pamoja na wenzake, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, na watu wa pwani yote wakamsikia. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa mwaka wa 1933, alikuwa mvuvi, baharia na mchukuzi wa karafuu. Diwani yake Kimbunga ilichapishwa mwaka wa 1994, mtungaji akiwa na miaka zaidi ya 60. Na Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1948 na kuhamia Uingereza akali kijana, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu miaka mingi huku akiandika riwaya zake kwa Kiingereza. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka wa 2021, akiwa amekwisha kustaafu.

Basi twajifunza nini? Kwanza, fisi hakushindwa na njia mbili. Mfinyanzi, mvuvi, mkaguzi wa afya na mwalimu wote walipita njia mbili, na mara nyingi njia moja iliilisha nyingine. Aliyezitazama nyumba za watu akaandika habari za nyumba za watu. Aliyepambana na bahari akaandika habari za tufani. Kijana anayedharau kazi yake ya mchana kwa kuwa yeye ni mtunzi, anaitupa akiba ya utunzi wake.

Pili, na jambo hili hatutaki kulificha, uvumilivu wa mtunzi usiwe kisingizio chetu sisi tulio pembeni. Ni rahisi kumwambia mtu "Haba na haba hujaza kibaba" hali wewe ndiwe unayekizuia kibaba. Tumewataja walioshinda. Ambao hawakupata mashindano wala mhariri wala santuri, hatuwezi kuwataja, kwa sababu hawakuacha kitu cha kutajwa. Ndio wengi, na wanawake wa uwanjani Makunduchi wamo katika hesabu hiyo. Shindano moja la miaka ya 1957 na 1958 lilitupa Bwana Msa. Je, yangefanywa mashindano matano, tungepata nani? Siku hizi mashindano yameanza tena, kama ile Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, inayotolewa Tanzania tangu mwaka wa 2023. Ni jambo jema, lakini tuzo moja ni mlango mmoja.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu mambo matatu, wala si ya gharama. Mtoto akionekana anaandika hadithi nyuma ya daftari la hesabu, msimpige kwa sababu ya hadithi. Msahihisheni hesabu, kisha msomeni hadithi. Akiandika neno la kwao, Makunduchi au Tumbatu au penginepo, mwulizeni maana yake kabla hamjalipiga mstari mwekundu. Na mwisho, mnunulieni kitabu au mkopesheni, maana mtunzi hukua kwa kusoma watunzi. Nasi wasomaji tununue vitabu vya watu wetu wakiwa hai. Sifa ya kaburini haimpi mtu saa hata moja ya kuandika.