Utengenezaji wa vioo vya darubini kwa mkono

Utengenezaji wa vioo vya darubini kwa mkono ni kazi ya kujifurahisha ambayo mtu huchukua kipande kinene cha kioo, akakisaga mpaka kikabonyea, akaking'arisha, akakipaka metali inayoakisi mwanga, kisha akakifunga kwenye darubini yake mwenyewe. Haihitaji mashine wala umeme. Katika kisiwa cha Unguja, chenye joto, unyevu na upepo wa chumvi, hatua za kusaga na kung'arisha zinawezekana kwa marekebisho machache. Kinachosumbua zaidi ni mpako wa mwisho, ambao hewa ya pwani huula mapema.

Historia

Wataalamu wa Kiislamu walivichunguza vioo mbonyeo karne nyingi kabla ya darubini. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo 965, aliandika risala juu ya vioo vya kuunguzia vyenye umbo la parabola, ambalo hukusanya miale ya jua kwenye nukta moja. Mwaka 1668 Isaac Newton alitengeneza darubini yenye kioo mbonyeo badala ya lenzi kubwa, akaking'arisha mwenyewe kisahani cha aloi ya shaba na bati. Aloi hiyo ilipauka upesi, na kila kuing'arisha upya kuliweza kuharibu umbo lake. Miaka ya 1850 Carl August von Steinheil wa Ujerumani na Léon Foucault wa Ufaransa walianza kupaka fedha juu ya kioo. Fedha ikichakaa huondolewa kwa dawa na kupakwa nyingine, umbo la kioo likabaki lilelile.

Kazi hii ilienea miongoni mwa watu wa kawaida baada ya 1920, Russell W. Porter alipoanza kuwafundisha wakazi wa Springfield, Vermont, Marekani, wengi wao mafundi wa viwandani. Makala za jarida la Scientific American kuanzia 1925 ziliieneza mbali zaidi. Baadaye John Dobson, mtawa wa San Francisco, alisaga vioo vilivyotoka kwenye madirisha ya meli. Alitolewa katika nyumba ya watawa mwaka 1967, na mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha kundi la kuwaonyesha wapita njia mwezi na sayari. Kiti chake cha mbao cha kushikilia darubini, kinachogeuka kulia na kushoto, juu na chini, ndicho kinachotumiwa zaidi na wanaojitengenezea darubini.

Umbo na vipimo

Kioo cha kujifunzia kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 150 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye kioo hadi mwanga unapokusanyika, wa milimita 1,200. Unene wake mzuri ni milimita 20 hadi 25, ili kisipinde kwa uzito wake. Kioo cha kawaida cha dirisha ni chembamba mno. Katikati ya kioo cha kujifunzia hubonyea kwa milimita 1.17 tu. Umbo hilo kwanza huwa sehemu ya tufe, kisha hurekebishwa liwe parabola. Tofauti ya maumbo hayo mawili kwa kioo cha ukubwa huu ni takriban milimita 0.00007, yaani kama sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele.

Kusaga

Hutumika visahani viwili vya ukubwa mmoja. Cha chini hufungwa juu ya meza nzito au pipa lililojazwa mchanga, cha juu husukumwa kwenda na kurudi, na katikati huwekwa maji na unga wa kabidi ya silikoni. Cha juu kinapopita ukingo wa chini, shinikizo huangukia katikati ya cha juu na kingoni mwa cha chini. Kwa hiyo cha juu hubonyea na cha chini hubinuka. Msagaji hulizunguka pipa hatua kwa hatua huku akikigeuza kioo mikononi, ili kisiliwe upande mmoja.

Unga mpya hukwaruza kwa kishindo, na kadiri chembe zinavyovunjika sauti hufifia mpaka ikawa mnong'ono. Hapo huoshwa na kuwekwa mwingine. Kina hukaguliwa kwa kukilowesha kioo, kukielekeza kwenye jua na kutafuta mahali ukutani ambapo mwanga unakusanyika. Baada ya unga wa namba 80 hufuata laini zaidi: 120, 220, 320 na kuendelea. Kabla ya kila badiliko, meza, nguo na kucha huoshwa kabisa, kwa kuwa chembe moja ya unga mkubwa huacha mkwaruzo utakaorudisha kazi nyuma. Vumbi la chokaa linalodondoka kwenye kuta za Mji Mkongwe wa Unguja ni laini kuliko kioo, halikwaruzi. Cha kuogopwa ni mchanga wa ujenzi.

Kung'arisha

Kisahani cha chini hupakwa lami itokanayo na utomvu wa misonobari, ikachongwa mifereji ya miraba, kisha kioo husuguliwa juu yake kwa maji na oksidi ya seri. Lami hufuata umbo la kioo kwa kutiririka polepole sana, na mtiririko huo hutegemea joto. Iliyopimwa kwa nchi za baridi huwa laini mno Unguja: mifereji huziba na ukingo wa kioo huanguka. Dawa yake ni kuipasha moto muda mrefu zaidi ili ikauke, kuijaribu kwa ukucha wa kidole gumba, na kufanya kazi alfajiri. Kioo kisiachwe juu ya lami usiku kucha, kitagandana nayo.

Kupima

Kipimo kinachotumika zaidi ni cha Foucault. Taa yenye tundu dogo na wembe huwekwa umbali wa milimita 2,400, mara mbili ya urefu wa fokasi, mbele ya kioo, na wembe hukata mwanga unaorudi. Uso wa kioo huonekana na vivuli vinavyofichua kila kilima na bonde. Ukikibonyeza kwa kidole sekunde chache, joto hilo huinua kilima kinachoonekana wazi, kisha hutoweka taratibu. Kwa sababu hiyo chumba kinatakiwa kiwe na joto lisilobadilika na feni izimwe. Vyumba vya chini vya nyumba za mawe ya matumbawe, zenye kuta nene, vinafaa sana.

Mpako

Viwandani hutumika alumini, inayopakwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Nyumbani huweza kupakwa fedha kwa nitrati ya fedha, amonia na sukari. Mchanganyiko wa fedha na amonia utumike papo hapo na mabaki yamwagwe kwa utaratibu salama; ukihifadhiwa unaweza kulipuka. Fedha hupauka hewani na alumini huliwa na chumvi. Hivyo kioo hufunikwa kila baada ya matumizi, huhifadhiwa pakavu, na huoshwa kwa maji safi yasiyo na chumvi bila kusuguliwa. Kikitolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi hushika umande, basi kiachwe nje kwanza kizoee joto.

Anga la Unguja na matumizi

Kioo cha milimita 150 hukusanya mwanga karibu mara 450 ya jicho lililozoea giza. Huonyesha pete za Zohali, miezi minne mikubwa ya Mushtarii na nyota za Kilimia zisizoonekana kwa macho. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo nyota za kaskazini na za kusini karibu zote huchomoza. Ncha ya anga, hata hivyo, iko chini sana kwenye upeo wa macho, ndiyo maana kiti cha Dobson ni rahisi kuliko vile vinavyolazimika kuelekezwa kwenye ncha hiyo. Masika na vuli huleta mawingu; miezi ya kusi, kuanzia Juni, hupitisha katikati ya Njia Nyeupe juu ya kisiwa. Taa za Mji Mkongwe hupunguza giza, na pwani ya mashariki anga ni jeusi zaidi.

Darubini hiyo huweza pia kutumiwa kutafuta mwezi mwandamo, ingawa wapo wanaoshikilia kwamba mwezi uonekane kwa macho matupu. Katika kazi hiyo jua lazima liwe limeshazama kabisa: miale yake ikikusanywa na kioo hupofusha mara moja.